Binti wa Marehemu Hai

Sehemu ya tisa

Mlango wa ghala ulifungwa kwa ndani. Hapo ndipo tulipoachana, msomaji, na nimepata habari kwamba wapo waliolala wiki nzima wakiniapiza. Basi tusipotezeane muda. Mpimaji wa mashamba yumo ghalani katikati ya magunia ya mbolea. Karani wa ushirika, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, kasimama mlangoni, ufunguo kautia mfukoni, na amekwisha kulitamka lile alilotamka:

"Nakujua. Wewe ni binti wa Marehemu Hai."

Mkononi Mpimaji alishika kigingi cha chuma cha kupimia, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikipima kwa uzito wake.

Nawe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikupashe. Miaka kumi na sita nyuma mzee mmoja alikwenda kwenye dirisha la ushirika kuchukua ruzuku yake, ile hela ambayo serikali humlipa mkulima kwa kila eka anayolima. Akaambiwa kwenye daftari ameandikwa MAREHEMU. Akasema mbona nimesimama hapa? Wakacheka. Akarudi mara ya pili, mara ya tatu, wakacheka zaidi. Watani wakambatiza jina: Marehemu Hai.

Kumbe yalikuwa madaftari mawili. La dirishani lilimwonyesha amekufa. Orodha iliyopelekwa juu, ofisi ya wilaya, ilimwonyesha mzima wa afya, analima, anapokea kila msimu. Na aliyekuwa akisaini kwa niaba yake ni Mwenyekiti wa ushirika.

Mzee akauza ng'ombe wa kulimia. Akauza mabati ya jikoni. Akaanza kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, na siku moja akaanguka na jembe mkononi, asiinuke tena. Binti yake wa miaka kumi na mitatu aliitwa kutoka shule ya mbali, kwa shangazi yake, aje kuzika. Pale pale kaburini akala kiapo ambacho hakumwambia mtu. Sasa amerudi, ni mpimaji wa serikali, anatumia jina la mumewe, na katika wiki tatu, ukimtoa mama yake, hakuna aliyemtambua.

Ila Karani.

"Umenijuaje?" Mpimaji aliuliza.

"Ukihesabu, midomo inacheza. Baba yako alikuwa hivyo hivyo. Tangu juzi nakutazama ukihesabu magunia haya. Nikasema, huyu si mgeni."

"Umeshamwambia bosi wako?"

"Bado."

"Basi sema unataka nini."

Karani alivua miwani, akaifuta kwenye shati, akaivaa tena ikiwa chafu vile vile. "Mwezi mmoja. Nimebakiza mwezi mmoja nistaafu. Acha nichukue kiinua mgongo changu, halafu Mwenyekiti mfanye unavyotaka."

"Baba yangu nani alimpa mwezi?"

"Niliandika nilichoambiwa, mwanangu."

"Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani, mzee?"

Karani aliutazama mkono wake wa kulia.

Mlango uligongwa kwa ngumi. "Karani! Umejifungia na nani humo?"

Sauti hiyo Mpimaji angeitambua hata akiwa usingizini. Karani alimtazama mara moja, akatoa ufunguo, akafungua. Mwenyekiti aliingia, tumbo likitangulia, mfukoni mwa shati kalamu tatu.

"Afadhali umekuja, Mwenyekiti," Karani alisema. "Huyu binti si mtu mzuri."

Vidole vya Mpimaji vilikaza kwenye kigingi. Wiki tatu za kujifanya mgeni, wiki tatu za kupishana na mama yake mzazi sokoni bila salamu, zote zinakwenda na maji.

"Ana lipi?"

"Anataka kitu kidogo," Karani akasema. "Ananizungusha kwenye magunia tangu asubuhi, kumbe anasubiri umfikirie."

Mwenyekiti akaangua kicheko, tumbo likapanda na kushuka.

"Ungesema mapema, binti! Mimi nakuogopa bure. Nakuona unavyopima mashamba ya watu kwa makini, kama unawachimbia kaburi! Njoo ofisini, njoo tuongee."

Mpimaji alipompita Karani mlangoni, mzee yule alitazama sakafu. Alikuwa amemwokoa au amemuuza? Hata yeye mwenyewe nadhani hakuwa na hakika.

*

Ofisi ya Mwenyekiti ilikuwa na viti ambavyo havijavuliwa nailoni tangu viletwe, chupa ya chai, na picha ukutani ya Mwenyekiti akikata utepe. Mpimaji alipewa kiti kilichotazamana na picha hiyo. Karani naye aliamriwa aingie, afunge mlango, akae kwenye kigoda.

"Sikia, mwanangu," Mwenyekiti alianza, akimmiminia chai. "Msimu huu wameniletea balaa. Eti kila mkulima aje mwenyewe, aweke dole gumba kwenye fomu mbele ya mpimaji. Sasa mimi nina wakulima arobaini na mmoja ambao hata nikiwapigia tarumbeta hawaji."

"Wamesafiri?"

"Safari ndefu." Akacheka peke yake. "Wengi wametangulia mbele za haki. Mashamba yao wanalima wajane na watoto. Hao niliwaambia zamani kwamba ruzuku hufa na mwenyewe, wakanielewa. Sasa nisaidie. Hao arobaini na mmoja tuwafanyeje?"

Hili ndilo swali ambalo Mpimaji alilisubiri kwa miaka kumi na sita, na limekuja na kikombe cha chai. Alikunywa kwanza. Chai ilikuwa na sukari nyingi mno.

"Wafu hawawezi kuweka dole," alisema polepole. "Lakini wewe unalo."

"Sijakupata."

"Yaandike mashamba yote kuwa yako. Fomu inauliza mambo mawili tu: nani mwenye shamba, nani analilima. Unasema wewe, unabonyeza, mimi nasaini kwamba nimepima. Hela inatoka leo hii, kwa mkupuo, kwa jina moja. Hakuna tena kusainia watu arobaini na mmoja."

Mwenyekiti alijikuna shingo. Macho yake yalikwenda kwa Karani, yakarudi.

"Na wewe ni ngapi?"

"Utakachojaliwa."

"Mbona huna tamaa?"

Swali lilimpata Mpimaji pasipo ulinzi. Mtu mwenye tamaa hamwamini asiye nayo, na yeye alikuwa amesahau hilo.

"Nani kakwambia sina?" alijibu, akaweka kikombe chini kwa kishindo. "Nataka sehemu ya nne. Na si ya msimu huu tu, ya kila msimu. Nilikuwa nakupima, maana hata watu hupimwa. Kama hutaki, nanyanyuka. Afisa wa malipo ameshafika, saa nane anafunga daftari lake."

Hapo Mwenyekiti akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu yake. "Sasa unaongea lugha ninayoifahamu. Lete wino."

Fomu zilikuwa tayari kwenye mkoba. Mpimaji alizipanga mezani, akafungua kidau, na Mwenyekiti akaanza kubonyeza. Moja. Mbili. Tatu. Mpimaji aliuma midomo yake isicheze. Walipofika ya ishirini na tatu, mkono wake ulisimama juu ya karatasi.

"Na hili lilikuwa la nani?"

"La mzee mmoja mkorofi. Marehemu Hai, tulimwita." Mwenyekiti aliegemea kiti, nailoni ikalia. "Ungekuwepo ungevunjika mbavu. Alikuja dirishani pale, kavaa koti la kanisani ili aonekane mtu. Anapiga kelele: niko hai, niko hai! Nikamwambia, mzee, nenda hospitali ukalete cheti kwamba u hai. Unajua alikwenda kweli? Kwa miguu, kwenda na kurudi. Wakamwambia hawatoi cheti hicho. Akarudi kuniambia! Ha! Karani, si unakumbuka?"

Karani alivua miwani, akaanza kuifuta.

Koti la kanisani. Mpimaji alilijua koti hilo. Walimzika nalo. Damu ilimpanda mpaka masikioni, na kwa muda akawa hasikii chochote isipokuwa nailoni ile ikilia. Kidau cha wino kilikuwa karibu, kizito, cha chuma. Angeweza kumaliza kila kitu hapo hapo. Akajizuia.

"Bonyeza tena," alisema. "Hii haikushika."

Ilikuwa imeshika vizuri. Alimfanya abonyeze mara tatu.

Ilipokwisha ya arobaini na moja, Mwenyekiti alitoa bahasha nene kwenye droo, akaisukuma mezani. "Kishika uchumba. Mengine tukishalipwa." Mpimaji aliitia mkobani bila kuifungua.

*

Uani kwa ushirika wakulima walijaa pomoni. Wengine kwenye mabenchi, wengine juu ya magunia, wanawake wamejifunika vichwa kwa jua. Mama yake Mpimaji alikaa benchi la tatu, mikono mapajani, hatazami upande wa binti yake, kama walivyokubaliana. Afisa wa malipo, mtu mkavu asiyecheka, alikuwa na meza, muhuri na askari wawili.

"Utaratibu ni huu," alitangaza. "Mpimaji atasoma fomu. Fomu isiyo na pingamizi, napiga muhuri, mwenyewe analipwa. Bila muhuri wangu hiyo ni karatasi ya kufungia karanga. Tunaanza na nani?"

"Na Mwenyekiti wetu," Mpimaji alisema.

Makofi machache yakapigwa. Mwenyekiti akapunga mkono. Dole lake lilikuwa la buluu mpaka kwenye kifundo.

"Shamba namba moja," Mpimaji alisoma, sauti ikisikika mpaka barabarani. "Mwenye shamba, Mwenyekiti. Anayelilima, Mwenyekiti. Shamba namba mbili. Mwenye shamba, Mwenyekiti. Anayelilima, Mwenyekiti."

Tabasamu la Mwenyekiti lilianza kupungua. Hakutegemea zisomwe hadharani. Akamkonyeza. Mpimaji akaendelea.

"Shamba namba tatu..."

"Namba tatu ni yangu!" Mama mmoja aliruka, watoto mapacha wamemshika nguo. "Ni ya marehemu mume wangu, na mikono inayolima ni hii! Nani kasema ya Mwenyekiti?"

"Mwenyekiti mwenyewe," Mpimaji alijibu. "Dole lake hili hapa. Shamba namba nne."

"La baba yetu hilo!" akapaza sauti kijana fundi wa baiskeli.

"Namba tano."

"Wee! Hilo nimelipanda juzi!"

Kelele zikawa kelele. Afisa aligonga muhuri mezani mara mbili mpaka watu wakatulia, akamgeukia Mwenyekiti.

"Haya mashamba ni yako?"

"Ni... kwa namna fulani..."

"Ni yako au si yako?"

"Ni yangu!" alisema Mwenyekiti, jasho likimtiririka.

"Vizuri," Mpimaji alidakia. "Afisa, una orodha za miaka iliyopita. Naomba utusomee mashamba haya yamekuwa yakilipwa kwa majina ya nani, na nani aliyesaini."

Afisa alifungua faili. Alisoma kimya kwanza, nyusi zikapanda. "Majina arobaini na moja tofauti. Saini moja." Akamtazama Mwenyekiti. "Yako. Kama mashamba ni yako, umekuwa ukiiba kwa majina ya watu. Kama si yako, umeidanganya serikali leo kwa dole lako. Chagua moja, niandike."

Uwanja mzima ulisubiri. Mwenyekiti aligeuka kushoto, akageuka kulia, kisha akanyoosha lile dole la buluu.

"Huyu! Huyu ndiye aliyenitega! Kachukua hongo yangu leo asubuhi, mpekueni mkoba!"

"Msijisumbue." Mpimaji aliitoa bahasha, akaiweka mezani. "Haijafunguliwa. Nilikabidhiwa ofisini kwake saa nne na nusu. Karani alikuwepo."

Watu wote wakamgeukia Karani. Mzee alikuwa amesimama karibu na dirisha lile lile la zamani. Mwezi mmoja tu. Angesema hakuona, nani angemlaumu? Alivua miwani, na safari hii hakuifuta.

"Nilikuwepo," alisema. "Niliona. Na wafu wote hao niliwaandika mimi, kwa mkono huu. Niandikeni na mimi."

Mama wa mapacha alipiga yowe. Askari mmoja alimshika Mwenyekiti mkono. Watu walisogea mbele, na kama si mitutu ya bunduki wangemrarua. Mpimaji akapita katikati yao, akasimama mbele yake, uso kwa uso.

"Mimi ni binti wa Marehemu Hai."

Mwenyekiti alimkodolea macho. Uso wote ulimshuka.

"Hela sizitaki," Mpimaji alisema. "Nataka neno moja. Sema baba yangu alikuwa hai."

"Binti, tafadhali..."

"Sema. Au nimwambie askari akuachie mkono, nikuache na hawa mama zangu."

"Alikuwa hai."

"Sijasikia. Yeye alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Na wewe piga."

"ALIKUWA HAI!" Mwenyekiti akapayuka, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele, wanawake wakikumbatiana.

Mpimaji alisubiri moyo wake upoe. Miaka yote aliamini kwamba akilisikia neno hilo, kitu kitafunguka kifuani. Hakikufunguka. Alichotaka sasa ni kumsikia akilisema tena.

Na hapo, katikati ya vigelegele, Mwenyekiti akamsogelea sikioni. Hakuwa analia. Alikuwa anatabasamu.

"Nimesema ulichotaka. Sasa nikwambie usichokijua. Mfu haandikwi bila taarifa ya kifo, na taarifa huletwa na ndugu. Ya baba yako ninayo mpaka leo. Ina dole. Kamuulize mama yako ni la nani."

"Mwongo mkubwa wewe."

"Muulize."

Mpimaji aligeuka. Watu wote walikuwa wamesimama wanashangilia. Mmoja tu alikuwa bado amekaa. Mama yake, benchi la tatu, mikono mapajani, na safari hii alikuwa anamtazama moja kwa moja.

Alimwendea, akachuchumaa mbele yake. "Mama. Anasema taarifa ya kifo cha baba uliipeleka wewe."

Mama aliitazama mikono yake mapajani.

"Baba yako ndiye aliyenituma."

"Nini?"

"Walipatana msimu mmoja tu. Mwenyekiti alimlipa papo hapo, naye akubali kuandikwa amekufa mpaka mavuno, halafu wamfufue. Msimu ulipokwisha akaenda kudai jina lake. Wakamcheka." Sauti ya mama ilikuwa kavu. "Aliona aibu kusema kwamba aliuza mwenyewe. Akanikataza nisikwambie hata siku ya kufa kwangu."

"Aliuza jina lake? Kwa shida gani, mama?"

Mama alimshika kidevu, kama alivyokuwa akimshika utotoni.

"Ulifaulu. Shule ilikuwa mbali, karo kubwa. Ulidhani anayelipa ni shangazi yako?"

Mpimaji alishika mkanda wa mkoba. Shule ile. Upimaji huu. Mkoba huu begani.

"Afande, mlete huku mshtakiwa!" Afisa aliita. Askari akamvuta Mwenyekiti kuelekea mezani, naye alipompita Mpimaji akajikwaa makusudi, akainama.

"Mnufaika wa udanganyifu naye hufungwa," alimnong'oneza. "Mama yako ana miaka mingapi, sabini? Fomu bado ziko mkononi mwako na hazina muhuri. Zichane sasa hivi, na mimi nitaisahau ile karatasi. Usipozichana, nikifika mezani naanza nayo."

Mpimaji alitazama mkono wake. Fomu arobaini na moja, kila moja na dole la buluu.

Mama alikuwa amesikia kila neno. "Usithubutu," alisema kwa sauti ya chini. "Mwanangu, usithubutu kuzichana."

Mezani, Afisa wa malipo aliinua muhuri, akanyoosha mkono wa pili.

"Mpimaji," alisema, "niletee hizo fomu."